Lord Atkin: Jaji aliyemfanya mwenye kiwanda kuwa jirani wa mnywaji

Na Mwandishi Wetu

KATIKA vyuo vya sheria vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, hakuna mnyama anayetajwa mara nyingi kuliko konokono mmoja wa Scotland, anayedaiwa kuozea ndani ya chupa ya soda ya tangawizi mwaka 1928. Wanafunzi humkariri konokono huyo, wakahitimu, wakaapishwa kuwa mawakili, na wengi wao hawaulizi tena habari za mzee aliyeifanya kesi yake ikumbukwe.

Mzee huyo ni James Richard Atkin, ambaye dunia ya sheria inamfahamu kwa jina la Lord Atkin wa Aberdovey. Alifariki dunia mwaka 1944. Hata hivyo, kila mtu anayeumizwa na bidhaa mbovu kisha akafungua kesi dhidi ya kiwanda ambacho hakuwahi kununua kitu kwake moja kwa moja, anapita katika mlango uliofunguliwa na jaji huyo. Mwenye duka na mwenye kiwanda wanaoshitakiwa pamoja, na kila mmoja akaomba kurekebisha hati zake ili amsukumie mwenzake mzigo, nao wanapita humohumo.

Atkin alizaliwa Novemba 28, 1867 mjini Brisbane, katika koloni la Queensland ambalo leo ni jimbo la Australia. Baba yake, Robert Travers Atkin, alitoka Cork nchini Ireland, na mama yake, Mary Elizabeth Ruck, alitoka katika familia ya Wales. Vijana hao wawili walivuka bahari wakitarajia kutajirika kwa ufugaji, lakini mambo hayakuwaendea walivyotaka. Baba akahamia Brisbane, akashika kalamu ya uandishi wa habari, akaingia katika siasa na kuwa mbunge.

Mwaka 1871 mama alifunga safari ya kurudi Wales pamoja na watoto wake watatu wa kiume. Baba alibaki Queensland, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Mtoto Atkin alikuwa hajatimiza miaka mitano.

Alilelewa kwa kiasi kikubwa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, Pantlludw, katika bonde la mto Dyfi. Mwenyewe alikuwa akimtaja bibi huyo kuwa ndiye aliyemfundisha kuchukia majivuno ya watu wanaojiona bora kwa sababu ya nasaba au fedha. Wanaotafuta chanzo cha hukumu zake za baadaye wasiipite nyumba hiyo haraka.

Alisoma Bangor na Brecon, kisha akapata ufadhili wa kwenda Chuo cha Magdalen, Oxford. Mwaka 1891 akakubaliwa kuwa wakili kupitia Gray's Inn mjini London. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, kwani hakuwa na mjomba jaji wala shemeji mwenye kampuni ya uwakili ya kumletea kazi. Mwaka 1893 alimwoa Lucy Elizabeth Hemmant, ambaye naye alizaliwa Brisbane, binti wa mwanasiasa aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake. Walijaliwa watoto wanane, wa kike sita na wa kiume wawili. Mtoto wao mkubwa wa kiume aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Alipanda ngazi bila papara. Mwaka 1906 alipewa hadhi ya Wakili wa Mfalme, mwaka 1913 akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza, na mwaka 1919 akaingia Mahakama ya Rufaa. Mwaka huohuo wa 1919 aliandika maoni katika kesi ya Balfour, ya mume aliyekuwa akifanya kazi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na aliyemwahidi mkewe pauni 30 kwa mwezi. Atkin aliona kwamba ahadi za mume na mke ndani ya nyumba kwa kawaida si mikataba ya kupelekana mahakamani. Uamuzi huo nao bado unafundishwa hapa kwetu, na bado unazua ubishi darasani.

Mwaka 1928 aliteuliwa kuwa mmoja wa majaji wa Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa nchini Uingereza. Kazi hiyo ya Baraza ilikoma mwaka 2009 ilipoanzishwa Mahakama ya Juu. Miezi michache baada ya uteuzi wake, mbali kabisa na London, mwanamke mmoja maskini aliingia mkahawani.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti 26, 1928. May Donoghue, aliyekuwa akifanya kazi ya kuuza dukani Glasgow, aliingia katika mkahawa wa Wellmeadow mjini Paisley akiwa na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyeagiza na kulipa. Walimletea aiskrimu na soda ya tangawizi iliyokuwa katika chupa ya kioo cheusi kisichoonyesha kilichomo. Kwa mujibu wa madai yake, baada ya kunywa kiasi, rafiki alimimina iliyobaki na mabaki ya konokono aliyeoza yakaelea juu ya glasi.

Alidai kwamba alipatwa na mshtuko na ugonjwa wa tumbo, akamwona daktari, na baadaye akatibiwa katika hospitali kubwa ya Glasgow. Akataka fidia ya pauni 500.

Swali lililomkabili wakili wake, Walter Leechman, lilikuwa fupi na gumu: amshitaki nani?

Kwa sheria ya wakati ule, mtu aliyeumizwa na bidhaa alikuwa na njia nyembamba sana. Tangu mwaka 1842, katika kesi ya dereva wa gari la farasi la posta aliyeumia gari lilipoharibika, mahakama za Uingereza zilishikilia kwamba aliyetengeneza au kutunza kitu kwa mkataba aliwajibika kwa yule aliyefunga naye mkataba tu. Ukuta huo ulikuwa na nyufa chache, kama vile bidhaa ambazo zenyewe ni hatari kwa asili yake, mfano sumu au silaha. Soda ya tangawizi haikuwamo katika orodha hiyo.

May Donoghue hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Hakununua soda. Aliyenunua ni rafiki, ambaye hakunywa na hakuumwa. Mwenye mkahawa aliuza kwa rafiki, na mwenye kiwanda, David Stevenson wa Paisley, aliuza kwa wenye maduka. Katika mnyororo mzima huo, aliyeumia ndiye pekee ambaye hakuwa ameshika pete yoyote.

Leechman alikuwa na sababu nyingine ya kukata tamaa. Machi 20, 1929 mahakama ya madai ya Scotland mjini Edinburgh ilikuwa imetupa madai kama hayo, yaliyohusu panya waliodaiwa kukutwa katika chupa za soda ya tangawizi za mtengenezaji mwingine, na wakili wa wadai alikuwa Leechman huyohuyo. Hata hivyo, Aprili 9, siku zisizozidi 20 baadaye, alifungua kesi ya konokono. Wakili wa namna hiyo, aliyepigwa mweleka na kurudi ulingoni kabla vumbi halijatulia, si wa kawaida katika mji wowote.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo vitabu vingi vya sheria hulipita kwa sentensi moja. Baada ya kesi kufunguliwa, hati ya madai ilirekebishwa ili mwenye mkahawa naye awe mdaiwa wa pili. Kwa akili ya kawaida lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa mmoja wa hao wawili lazima angekuwa na kosa, nao wakiwa mbele ya mahakama moja kila mmoja angelazimika kumwonyesha mwenzake kidole.

Lakini marekebisho hayo hayakudumu. Novemba 19, 1929 madai dhidi ya mwenye mkahawa yaliachwa. Hakuwa amemuuzia mdai kitu chochote, hivyo mkataba haukuwapo. Hakuwa na njia ya kuona kilichomo katika chupa nyeusi iliyofungwa kiwandani, hivyo hata uzembe wake ulikuwa mgumu kuuonyesha. Mahakama iliamuru mdai abebe gharama za jaribio hilo.

Kwa mwanamke asiye na kitu, kurekebisha hati vibaya kunaweza kuwa mwisho wa kesi.

Kesi ilibaki na mdaiwa mmoja, mwenye kiwanda. Juni 1930 Jaji Moncrieff aliona kwamba madai yanastahili kusikilizwa. Novemba mwaka huohuo majaji wa rufaa wa Edinburgh, watatu dhidi ya mmoja, wakamwangusha kwa kufuata kesi ya panya. Ilibaki ngazi moja tu, London, na ngazi hiyo ilidai dhamana ya fedha ambazo hakuwa nazo.

Mwaka 1931 aliapa mbele ya sheria kwamba mali zake zote duniani, ukiondoa nguo alizovaa na kesi yenyewe, hazifikii pauni tano. Baraza la Malodi likamruhusu kuendelea na rufaa kama maskini, bila kuweka dhamana ya gharama za upande wa pili. Mawakili wake walifanya kazi bila uhakika wa kulipwa.

Rufaa ilisikilizwa Desemba 10 na 11, 1931 mbele ya malodi watano: Buckmaster aliyeongoza, Atkin, Tomlin, Thankerton na Macmillan.

Msomaji asiye mwanasheria aelewe jambo moja hapa. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesimama kizimbani, na chupa haikuletwa mahakamani. Malodi hawakuulizwa kama konokono alikuwapo, bali kama, tukichukulia kwamba kila kilichoandikwa katika hati ya madai ni kweli, sheria inampa mwanamke huyu haki ya kumdai mwenye kiwanda. Kesi maarufu kuliko zote kuhusu bidhaa mbovu iliamuliwa kwa karatasi.

Ndiyo maana uandishi wa hati ile ulikuwa na uzito mkubwa. Leechman hakuishia kusema kwamba konokono alikutwa. Alieleza kwamba chupa zilikuwa nyeusi na zimefungwa, kwamba jina la mtengenezaji lilikuwa juu yake, kwamba kiwanda hakikuwa na utaratibu mzuri wa kukagua chupa kabla ya kuzijaza, na kwamba chupa tupu ziliwekwa mahali ambapo konokono waliweza kufika na kuacha alama zao. Kila sentensi kati ya hizo ilikuja kuwa jiwe la msingi katika hukumu.

Wakati huo Atkin alikuwa ameanza kulitafakari suala hili hata nje ya mahakama. Alikuwa muumini wa kanisa na mtu wa familia kubwa, na wanawe walikuja kusimulia baadaye jinsi alivyowauliza watoto na wajukuu, walipokuwa nyumbani Aberdovey, jirani ni nani. Swali hilo linatoka katika Injili ya Luka, mahali ambapo mwanasheria anamuuliza Yesu swali hilohilo na kujibiwa kwa mfano wa Msamaria mwema. Aliyeuliza katika Injili alikuwa mwanasheria. Sidhani kama Atkin, aliyependa mzaha wa taratibu, hakuliona hilo.

Hukumu ilitolewa Mei 26, 1932, zaidi ya miezi mitano baada ya mawakili kumaliza hoja zao. Malodi waligawanyika, watatu kwa wawili.

Atkin ndiye aliyeandika maoni yaliyokumbukwa. Alisema, kwa maneno ya kawaida, kwamba lazima kuwepo kanuni moja ya jumla inayoziunganisha kesi zote za uzembe zilizotangulia. Dini inaamuru kumpenda jirani. Sheria, ambayo haiwezi kufika mbali hivyo, inaamuru usimdhuru. Na jirani katika sheria ni yule ambaye kitendo chako kinamgusa kwa karibu kiasi kwamba unapaswa kuwa naye akilini unapokitenda.

Kisha akashuka kutoka katika jumla hiyo hadi kwenye chupa. Mtengenezaji anayepeleka bidhaa sokoni katika hali ambayo anataka imfikie mlaji vilevile ilivyotoka kiwandani, bila nafasi ya kweli ya mtu mwingine kuikagua njiani, na akijua kwamba uzembe wake utamdhuru mlaji, anawajibika kwa mlaji huyo. Mkataba si lazima uwepo. Katika kufikia hapo alitumia pia hukumu ya mwaka 1916 ya Jaji Benjamin Cardozo wa New York, katika kesi ya kampuni ya magari ya Buick, ambapo gurudumu bovu la mbao lilivunjika na kumuumiza mnunuzi aliyelipata gari kwa wakala.

Buckmaster na Tomlin walikataa katakata. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Waliuliza kwamba ukivuka hatua moja nje ya mkataba, utasimama wapi; na mtengenezaji atalindwaje dhidi ya watu wasiohesabika asiowajua. Wenye viwanda wa leo bado wanauliza vivyo hivyo wakiwa na bima mkononi.

May Donoghue hakupata kuthibitisha lolote. Kesi ilirudishwa Scotland ili ushahidi usikilizwe, lakini Stevenson alifariki dunia Novemba 1932. Wasimamizi wa mirathi yake wakaingizwa katika shauri mahali pake, marekebisho mengine tena ya hati. Mwisho wake pande zote zilipatana nje ya mahakama, na inaelezwa kwamba mwanamke huyo alilipwa pauni 200. Wapo wanaopenda kusema kwamba ilithibitika baadaye hapakuwa na konokono. Hilo si kweli. Hakuna mahakama iliyowahi kuamua kama alikuwapo au hakuwapo.

Turudi kwenye maneno ya Atkin kuhusu nafasi ya kukagua njiani, maana humo ndimo ulimozaliwa ugomvi wa aina mpya. Zamani mdai alikuwa na mtu mmoja wa kumdai, yaani aliyemuuzia. Baada ya mwaka 1932 angeweza kuwa na wawili, watatu au wanne, na kila mmoja wao ana sababu ya kusema kwamba kosa ni la mwenzake. Mwenye kiwanda atasema msambazaji aliifungua bidhaa. Msambazaji atasema muuzaji aliihifadhi vibaya. Muuzaji atasema ilimjia imefungwa na ikafungwa vilevile hadi kwa mteja.

Mfano wa mapema ulitoka Australia, alikozaliwa Atkin. Daktari mmoja wa Adelaide, kwa jina Grant, alinunua chupi za sufi mwaka 1931, zikamletea ugonjwa mbaya wa ngozi kwa sababu ya kemikali iliyobaki katika kitambaa. Aliwashitaki wawili: duka lililomuuzia, kwa msingi wa mkataba, na kiwanda, kwa msingi wa uzembe. Jaji wa Australia Kusini alimpa pauni 2,450, Mahakama Kuu ya Australia ikamnyang'anya, na mwaka 1935 Baraza la Faragha la Mfalme mjini London, lililosikiliza rufaa kutoka makoloni na nchi za himaya, likamrudishia. Duka na kiwanda wote walipatikana na hatia ya madai, kila mmoja kwa njia yake.

Lakini je, wadaiwa wawili wakishindwa, nani alipe kiasi gani? Sheria ya kale ya Uingereza, iliyotokana na kesi ya mwaka 1799, ilisema kwamba mkosaji mmoja aliyelipa fidia yote hawezi kumdai mkosaji mwenzake achangie. Mdai aliweza kumchagua mwenye mfuko mnene na kumwacha mwingine aende zake akipiga mluzi. Bunge la Uingereza liliifuta kanuni hiyo mwaka 1935, na kuipa mahakama mamlaka ya kugawa mzigo kwa kadiri ya kosa la kila mmoja. Sheria za Kenya na Tanzania zikarithi utaratibu huohuo.

Kwa hiyo mzigo wa uthibitisho unaobaki leo, katika mahakama zetu, upo zaidi katika karatasi ambazo wadaiwa hupelekeana wao kwa wao.

Chukua mfano wa mtungi wa gesi uliolipuka jikoni na kumuunguza mama wa nyumba. Anamdai muuzaji wa mtaani na kampuni iliyojaza gesi. Katika hati yake ya kwanza ya utetezi, muuzaji anakana tu kila kitu. Miezi minane baadaye nyaraka zinapobadilishwa, anagundua kwamba valvu ya mtungi ilibadilishwa katika bohari ya kampuni ya kujaza gesi. Sasa anataka kusema kwamba hata akishindwa, mdaiwa mwenzake amlipie yote au sehemu. Nchini Kenya Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010 zinamruhusu kumpelekea mdaiwa mwenzake taarifa ya madai hayo bila hata kuomba kibali. Akiwa tayari alikwishapeleka taarifa hafifu, ataomba kuirekebisha. Akitaka kumwingiza mtu ambaye hayumo kabisa katika kesi, kama kiwanda kilichotengeneza valvu, hapo ndipo atahitaji kibali cha mahakama.

Mahakama zetu kwa ujumla hazina mkono wa birika katika jambo hili. Mwaka 1958, katika shauri la Eastern Bakery lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka msimamo ambao bado unatajwa na mawakili wa pande zote tatu za ziwa: marekebisho yanayoombwa kabla ya kesi kusikilizwa yaruhusiwe kwa ukarimu iwapo upande wa pili hautadhulumiwa, na hakuna dhuluma iwapo hasara yao inaweza kufidiwa kwa kulipwa gharama. Mpaka uliowekwa ni kwamba shauri lisigeuzwe kuwa shauri jingine kabisa. Tanzania nayo, katika Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, inaruhusu marekebisho yanayohitajika ili kuamua ugomvi halisi ulio baina ya wahusika.

Mitego ni mingi hata hivyo. Aliyekwisha kukiri katika hati yake kwamba aliukagua mtungi kabla ya kuuza, hataruhusiwa kwa urahisi kuyameza maneno hayo, kwa kuwa ukaguzi wa njiani ndio moyo wa kanuni ya Atkin. Anayesubiri hadi mashahidi wamalize kusema ataulizwa alikuwa wapi. Na mdai mwenyewe ana saa inayomfukuza, kwa kuwa madai ya uzembe uliomuumiza mtu yana ukomo wa miaka 3 nchini Kenya na Tanzania. Akiongeza mdaiwa mpya baada ya hapo, huenda akakuta mlango umefungwa, huku muuzaji maskini ndiye pekee aliyebaki ndani. Hapo mama aliyeungua hushinda kesi akakosa fidia, kwa sababu aliyeweza kulipa hakuwekwa katika hati kwa wakati. Kwa maoni yetu, hilo ndilo eneo ambalo wananchi wengi huumizwa mara ya pili, na halizungumzwi vya kutosha.

Atkin hakuwa jaji wa bidhaa tu. Mwaka 1931, rufaa ya konokono ilipokuwa njiani, aliandika uamuzi wa Baraza la Faragha katika shauri la Eshugbayi Eleko, mtawala wa jadi wa Lagos aliyeondolewa na kuhamishwa mji na serikali ya kikoloni ya Nigeria. Serikali ilidai kwamba mahakama haina kazi ya kuchunguza amri hiyo. Atkin alikataa. Alishikilia kwamba mtumishi wa dola hawezi kugusa uhuru wa mtu isipokuwa aonyeshe mbele ya mahakama kwamba sheria inamruhusu, na kwamba majaji wasisite kuamua hivyo hata kama serikali haitapenda. Eleko alirudi Lagos mwaka huohuo.

Miaka kumi baadaye msimamo huo ulimtenga na wenzake. Novemba 3, 1941, Uingereza ikiwa vitani, Baraza la Malodi liliamua kwa kura nne dhidi ya moja kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani akisema ana sababu za msingi za kumweka mtu kizuizini, mahakama isimuulize ni sababu gani. Kura hiyo moja ilikuwa ya Atkin. Aliandika kwa ukali kwamba majaji wenzake walikuwa wakiipendelea serikali kuliko serikali yenyewe ilivyotaka, na akawafananisha na mhusika mmoja wa hadithi za watoto anayeyapa maneno maana anayoitaka yeye.

Wenzake hawakumsamehe upesi. Mwenyekiti wa jopo hilo, Lord Maugham, alichukua hatua isiyo ya kawaida ya kuandika barua katika gazeti la The Times kumlaumu. Atkin hakujibu hadharani. Takriban miaka 40 ilipita kabla ya Baraza hilohilo kukiri, katika kesi ya kodi iliyoamuliwa mwishoni mwa mwaka 1979, kwamba wale wanne walikosea na yule mmoja alikuwa sahihi.

Yeye hakuwapo kusikia. Alifariki dunia Juni 25, 1944 huko Aberdovey, akiwa na umri wa miaka 76, na akazikwa katika mji huohuo, karibu na mahali mto Dyfi unapoingia baharini.